Turubai Nililolichana Mwenyewe

Wiki ya mwisho kabla sijarudisha ufunguo wa karakana, Neema na Otieno waliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Neema alitaka vipimo. Otieno alitaka visa. Basi nimekaa jikoni kwangu Hallonbergen na daftari, na nimegundua kuwa vipimo vyote viko ukutani karakana, nyuma ya meza ya kukatia, vimeandikwa kwa wino usiofutika. Neema hana anachokosa. Nitaandika yaliyobaki. Nani alinipandisha cheo na lini, hayo nayaacha. Karakana ya watu wanne haina ngazi ndefu ya kupanda.

Ninyi wawili mmekuja wakati jina letu linajulikana. Mtu akiwa na lori la zamani la jeshi popote karibu na Stockholm, na turubai lake limeoza, anatupigia simu. Mwanzo haikuwa hivyo. Tulishona vifuniko vya boti na vivuli vya baraza za ghorofani. Magari ya jeshi yalikuwa ugonjwa wa mtu mmoja tu, mwenye karakana, Mzee Rune.

Nilifika kwake kutoka Kista, ambako nilikuwa nikisafisha ofisi. Siku moja, saa ya mapumziko, mama mmoja wa ofisi zile alinikuta nikishona mkanda wa begi la mwenzangu kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nimejifunza Uvira, kwa baba yangu, aliyeshona magodoro na viti vya magari. Shemeji yake alikuwa akitafuta mtu wa kushona. Jumatatu iliyofuata nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka katikati ya mji, kisha treni ya kusini mpaka Tumba, nikatokea mlango usio wangu, nikachelewa.

Rune alikuwa mrefu, na aproni ya ngozi iliyong'aa kwa nta. Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi kabla farasi hawajaisha. Nilimwita bwana. Akageuka kutazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine ameingia.

"Rune," akasema, akijigusa kifua. "Rune tu."

Ilinichukua miezi kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina tupu. Mpaka leo nikimtaja kwa Kiswahili namwita Mzee Rune, kwa sababu hakuisikia lugha hiyo na hakuweza kunikataza.

Sikupewa cherehani siku ile. Nilipewa turubai kuukuu la kijani na kisu kidogo chenye ncha iliyopinda kama ndoano, nikaambiwa nifumue mshono wote wa upande mmoja bila kukata kitambaa. Nilifumua siku nzima. Nilidhani ananipima subira. Kumbe alitaka nione jinsi fundi wa jeshi alivyopanga kazi yake: wapi alianza, wapi alirudia mara tatu kwa sababu pana uzito, wapi alizembea kwa sababu hakuna atakayetazama. Jioni akaniuliza, "Alikuwa anatumia mkono gani?" Nikajibu kushoto, kwa sababu mafundo yote yalilala upande huo. Akaitikia kwa kichwa, akanipa kile kisu. Nilikitumia mpaka wiki niliyoondoka.

Siku ya nne likaja lori. Nilisikia injini kabla sijaliona, kisha likaingia uani, la kijani, la juu, na turubai lililofungwa nyuma. Niliweka chini chaki, nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka sauti ilipoisha. Kule kwetu, lori la namna ile likija, hakuna aliyeuliza ni la mwaka gani. Mliangalia kwanza limebeba nini, kisha mkaamua mnakimbilia upande gani. Sisi tulikimbilia ziwani, tukavuka mpaka Tanzania, na miaka mingi baadaye nikawa hapa, nimejifungia choo cha karakana huko Tumba, mtu mzima mwenye watoto.

Nilipotoka, Rune alikuwa akisuka uzi. Hakuuliza kitu. Lakini tangu siku ile magari yaliegeshwa nyuma ya ghala, na turubai liliteremshwa na kuletwa mezani kwangu peke yake, limekunjwa kama shuka. Miaka kadhaa nilishona mapaa ya malori bila kuona malori. Wateja walidhani ni utaratibu wa karakana, wakawa wanausifu.

Turubai la pamba ni kitu kinachopumua, na hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Likilowa, nyuzi zake huvimba na matundu ya sindano hujifunga yenyewe. Ndiyo maana tunashona kwa uzi wenye pamba juu, hata kama ule wa nailoni ni rahisi kupitisha. Mteja akikuambia ameliosha kwa sabuni ili lipendeze, mpe pole. Ameosha nta yote na sasa ana chujio. Likikunjwa likiwa bichi, baada ya wiki litakuwa na madoa meusi ya ukungu ambayo hakuna dawa itakayoyatoa. Acha nafasi ya kusinyaa, kidole kimoja kwa kila mita, la sivyo mvua ya kwanza italikaza juu ya matao ya chuma mpaka pete za shaba zing'oke. Mimi nililijua hili kwa njia ya kawaida, yaani pete ziling'oka.

Halafu kuna maandishi. Vijana wa Kiswidi waliokuwa jeshini zamani waliandika ndani ya maturubai kwa kalamu ya risasi, hasa hesabu ya siku zilizobaki waende nyumbani. Mistari minne na mmoja wa kuikata, safu kwa safu. Wateja hawataki vipande hivyo vitupwe, kwa hiyo tunavikata na kuvishonea tena ndani ya turubai jipya. Nimeshona hesabu nyingi sana za watu waliotaka kurudi kwa mama zao kula. Sikuwacheka. Niliona tu kuwa wote walirudi.

Wenye magari hayo mnawajua. Kuna mwokaji mikate, kuna muuguzi, kuna mzee aliyekuwa akirekebisha saa. Wana ghala moja kubwa mashambani, na Jumamosi hukutana humo kunywa kahawa na mikate ya mdalasini na kubishana juu ya rangi ya kijani. Nilishuhudia wanaume wawili wakinuniana kiangazi kizima kwa sababu ya vifungo: mmoja aliweka vya shaba, mwenzake akasema mwaka ule jeshi lilikuwa limehamia vya chuma. Mwanzo niliona ni upuuzi. Baadaye niliona kuwa ni watu waliokuwa na nafasi ya kununiana kwa sababu ya vifungo, na hilo si jambo dogo.

Aliyenifungua macho zaidi ni Lennart, mwalimu mstaafu wa jiografia. Lori lake lilikuwa na injini ya petroli na umri karibu na wake. Alipenda kusimama kando ya meza yangu akitazama sindano. Siku moja nikamuuliza.

"Lennart, kwa nini mtu anunue gari la vita wakati hakuna vita?"

Alifikiri kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la mtihani.

"Niliendesha la namna hii nikiwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Tulibeba viazi. Viazi, mahema na watu waliolala. Halikwenda vitani hata siku moja. Nadhani nalipenda kwa sababu hiyo."

Nikarudi kwenye mshono wangu. Wiki ileile nilimwambia Rune malori yanaweza kuegeshwa uani tena. Akasema sawa, akahamisha mapipa ya taka yaliyokuwa yamechukua nafasi. Hatukulizungumza zaidi ya hapo.

Rune ndiye aliyenifundisha habari ya moshi. Lori likienda, hewa nyuma yake huzunguka na kurudi, na moshi wa injini huifuata. Pazia la nyuma likifungwa na mbele pamezibwa, turubai linanyonya moshi ndani kama mtu anayevuta sigara. Kwa hiyo ukuta wa mbele, ule unaosimama juu ya kichwa cha dereva, lazima uwe na kidirisha cha hewa. "Nyuma kukifungwa, mbele kufunguliwe," alisema, na alilirudia kila tuliposhona ukuta wa mbele, hata baada ya miaka kumi, mpaka nikawa namkatiza.

Kisha Rune akastaafu, mikono ikiwa imeanza kutetemeka. Aliniachia meza. Alikuja kila Alhamisi kunywa kahawa na kukagua kazi akijifanya anatafuta miwani yake.

Majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, Lennart alileta lori lishonewe turubai jipya lote. Alikuwa na ombi moja. Kidirisha cha mbele hakitaki. Kinavuja, kinapiga kelele kwenye upepo, na mkewe alilalamika kuwa alipigwa na baridi shingoni safari nzima. Alitaka ukuta mzima, mishono mitatu, bila tundu.

"Kile ni cha hewa," nikamwambia.

"Nyuma huwa pako wazi, Béatrice. Sijawahi kufunga nyuma."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha hatutoki."

Mnawajua wateja wa namna hii. Alikuwa mpole, alikuwa rafiki, lori lilikuwa lake, na mimi nilikuwa na maturubai matano kwenye foleni. Nilifanya nilichoona ni busara. Nilichukua kadi ya kazi nikaandika: mteja ameelezwa kuhusu kidirisha cha hewa, amekataa. Nikaandika tarehe, akaweka sahihi. Kisha nikashona ukuta ule vizuri sana. Nasema kwa unyenyekevu kuwa ulikuwa mshono bora kuliko wote niliowahi kushona. Hata maji ya bomba hayakupita.

Kiangazi kile wenye magari waliandaa matembezi yao ya kila mwaka, msafara wa pole kwenye barabara za mashambani kusini ya Tumba, na kibali cha kubeba watu nyuma. Walitaka nyimbo. Lennart alikuwa amenisikia nikiimba kwenye cherehani, akauliza kama kwaya yetu itakubali. Sisi ni waimbaji kumi na mmoja, Wakongo na Warundi, na Mnyarwanda mmoja mwenye sauti nzito. Nilidhani watakataa. Wengine wao walikuwa wameshapanda malori ya jeshi, na si kwa matembezi. Lakini Consolata alisema, "Bure? Na chakula?" na suala likaisha.

Consolata alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mdogo wangu kwa miaka kumi, dereva wa basi hapa mjini. Mtu mwenye kifua kipana na amri nyingi. Mimi nilipanga kuwafuata kwa gari dogo la karakana. Alinikuta nikifungua mlango wa gari hilo, akanikamata mkono.

"Dada, wewe ndiye umeshona nyumba hii. Utakaaje nje?"

"Nina begi la vifaa."

"Begi lina miguu? Libebe."

Nikapanda lori la Lennart. Nitawaambia ukweli: sikuhisi lolote kubwa. Nilitazama matao, nikahesabu pete, nikaona mahali ambapo ningevuta uzi zaidi. Tulikaa kwenye mabenchi mawili tukitazamana, Consolata mwisho kabisa karibu na mlango ili apungie watu. Tuliimba, ngoma mbili zikipigwa. Watoto wa Kiswidi kando ya barabara walitupungia bendera ndogo. Huko mbele Lennart alipiga honi kila tulipomaliza ubeti.

Kisha mvua ikaja, nzito, ya upande. Msafara haukuwa na mahali pa kusimama, barabara ilikuwa nyembamba na magari mengine nyuma yetu kwa mbali. Mtu mmoja akateremsha pazia la nyuma na kulifunga kamba. Nilimwona akifunga. Nakumbuka niliridhika kuwa linakaa sawasawa.

Tukaendelea kuimba. Baada ya muda nilisikia wimbo unapwaya upande wa nyuma, sauti za chini zinachelewa. Consolata alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bega la jirani yake. Wakacheka, wakasema zamu za asubuhi zimemmaliza. Mimi kichwa kilikuwa kinanigonga, nikadhani ni ngoma. Halafu nikatazama pazia la nyuma kwa jicho la kazi. Pazia la lori linalokwenda linatakiwa lipigepige. Lile lilikuwa limevutwa ndani, limetuna kuelekea kwetu kama tumbo, na kuta za pembeni nazo zimeingia katikati ya matao. Turubai lilikuwa linanyonya.

"Fungueni nyuma!" nikasema. "Fungueni, tunakunywa moshi!"

Aliyekuwa karibu na kamba aliinuka, akakaa tena. Vidole vilimkataa. Kamba ilikuwa imelowa na fundo limekaza, na lile fundo tulilibuni sisi wenyewe lisifunguke ovyo. Nikapiga ukuta wa mbele kwa ngumi. Lennart akasikia, akadhani ni ngoma, akajibu kwa honi mbili za furaha.

Ndipo nikatoa kile kisu cha ncha iliyopinda. Mahali pa mishono mitatu hapakatiki upesi, kwa hiyo nililenga kitambaa kitupu kando yake, nikachoma juu kabisa na kuvuta chini kwa uzito wangu wote. Kilikuwa kitambaa kizuri. Kilipiga kelele. Nikakata tena upande wa pili, kipande kikaanguka, na mvua na upepo vikaingia vikatupiga usoni. Nikatoa kichwa na mabega juu ya paa la dereva. Nilipiga kelele, hakusikia. Nikavua kiatu nikakirusha mbele. Kilianguka kwenye boneti, kikaruka, kikagonga kioo chake.

Akasimama.

Waliofuata nyuma walikata kamba. Tuliteremka mmoja mmoja, wengine wakitapika majanini. Consolata alibebwa. Yule muuguzi wa Jumamosi alimlaza ubavu, akamwita kwa jina, hakuitika. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri mno, nyekundu kama ya mtu aliyetoka kupaka, na muuguzi aliponiona naitazama akasema kwa sauti ya chini kuwa hiyo si dalili njema. Nilipiga magoti kwenye matope nikiwa na kiatu kimoja. Sikuomba, ingawa nilikuwa mwanakwaya. Nilikuwa nafikiria ile kadi: tarehe, sahihi, mwandiko wangu safi. Ilikuwa imenilinda mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nimeshuka kwa miguu yangu.

Alifungua macho kabla gari la wagonjwa halijafika. Akatazama watu waliomzunguka, akasema kwa Kirundi neno ambalo mwanakwaya hapaswi kulisema, na dada mmoja wa kwaya akaanza kulia kwa kicheko. Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni, wakamlaza mpaka kesho yake. Sisi wengine tulipimwa, tukaruhusiwa.

Lennart alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, mvua ikimchuruzika. Nilikwenda nikakaa kando yake.

"Ni mimi niliyekataa," akasema.

"Ni mimi niliyeshona."

"Ulinionya."

"Nilikuonya wewe. Wao sikuwaonya."

Akapangusa mvua usoni.

Alhamisi Rune alikuja. Nilimwekea ile kadi mezani. Aliisoma pole pole, akiishika kwa mikono miwili isitetemeke.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ungeibandika ndani ya lori, pale wanapokaa."

Kisha akaomba kahawa. Hakuwahi kunisema tena, wala mimi sikupata usingizi mzuri kwa muda. Binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kama nitafukuzwa. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu, kuwa hakuna wa kunifukuza, na kwamba hapo ndipo penye shida.

Kwa hiyo Otieno, uliponiuliza mara ya kwanza kwa nini kidirisha chetu hakina kifuniko cha kufungia, nilikujibu kwa mkato. Jibu refu ndilo hili. Kina paa dogo la kuzuia mvua, kina wavu, na hakifungiki. Wateja wanne waliondoka kwa sababu yake kabla wenzao hawajaanza kukiomba. Wale wa ghalani waliniita niwaeleze. Nilisimama mbele yao na Kiswidi changu cha karakana, nikawaonyesha kwa sanduku la kadibodi na moshi wa ubani, nikawaambia jina la aliyeshona turubai lile. Mzee wa saa akauliza kama vifungo vya wavu wa kidirisha vitakuwa vya shaba au vya chuma. Nikajua wamesikia.

Lennart hakuwa miongoni mwao. Alikuwa ameliingiza lori ghalani, amelifunika, na mkewe aliniambia anataka kuliuza. Nilimshonea ukuta mpya wa mbele bila kuombwa. Nilipokuwa natafuta namna ya kumpelekea, Consolata akanipigia simu.

"Yule mzee wako anajificha?"

"Anaona aibu."

"Aibu ya nini? Mimi ndiye niliyezimia. Twende."

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, yeye na sahani ya sambusa, mimi na turubai begani. Lennart alitufungulia mlango akiwa amevaa soksi, akasimama bila kujua pa kuweka mikono. Alianza kuomba msamaha kwa sentensi aliyokuwa ameitayarisha. Consolata alimsikiliza mpaka mwisho, akampa sahani ashike.

"Sawa," akasema. "Sasa nataka kuliendesha."

"Kuliendesha?"

"Nina leseni ya basi na ya lori. Na mimi nyuma sikai tena. Nataka kukaa pale ambapo breki iko."

Nilimwona Lennart akitafuta sababu ya kukataa na asiipate. Akaenda kuleta funguo. Alasiri ile walizunguka shamba la jirani mara nane, yeye kando akieleza gia isiyopenda kuingia, Consolata akimwambia kwa Kiswidi kizuri kuliko changu anyamaze kidogo aisikilize injini. Gia iliingia. Lori halikuuzwa. Lennart hakushika tena usukani kukiwa na watu nyuma. Kazi hiyo ikawa ya Consolata, na kiangazi kilichofuata tayari alikuwa akibishana na wale wanaume juu ya rangi ya kijani.

Rune alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata, na mnajua kuwa aproni iliyotundikwa mlangoni ni yake. Msiitumie. Haina uchawi wowote, imeoza tu mikanda.

Mwezi wa sita huu, nikiwa tayari nimestaafu, nilikwenda kwenye matembezi kama mgeni. Lilikuwa jua kali. Tulikunja ukuta wote wa mbele na kuta za pembeni, kwaya ikakaa nyuma kwenye upepo, na Lennart, ambaye magoti yanamsumbua siku hizi, akasema anataka kukaa nao. Mimi nikapanda mbele na Consolata. Hatukuwa tumewahi kuzungumza juu ya malori mengine. Sijui kwa nini nilimuuliza siku ile. Labda kwa sababu hatukuwa tunatazamana.

"Lile lililokutoa Burundi," nikasema. "Lilikuwa kama hili?"

Akatuvusha daraja kwanza.

"Lori lenyewe silikumbuki, dada. Nakumbuka kisogo cha dereva. Siku mbili nilikitazama kupitia kile kioo kidogo kilicho nyuma ya kiti chake. Kuna waliolia, kuna aliyejifungua. Hakugeuka hata mara moja."

Mbele kulikuwa na kona. Alipunguza gia, akaishika barabara, kisha akageuza kichwa, akawatazama wale wa nyuma kupitia kioo, benchi la kulia, benchi la kushoto, mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Lennart akampungia mkono. Consolata akarudisha macho barabarani, na baada ya kona ile akageuka tena.